Mwalimu Aliyepigiwa Makofi ya Moto

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, viti hivi haviumi. Na wewe mama wa pale nyuma, mwache mtoto alie, ana haki yake. Leo nina habari za mwalimu mmoja.

Alifundisha chuo cha ufundi huko milimani kwenye baridi, mahali ambapo nguzo za umeme ziliishia chini barabarani. Wanafunzi wake walijifunza umeme kwa kuutazama ubaoni, na jambo hilo lilimuuma. Akaamua kuutoa umeme kwenye moto wenyewe, bila gurudumu wala kitu chochote cha kuzunguka. Mnanitazama hivyo kwa nini? Inawezekana. Moto ukiwa mkali kupita kawaida, ukautia na chumvi ya majivu, hewa yake hugeuka ikabeba umeme kama waya. Wasomi huiita plazma. Ipitishe kwa kasi katikati ya sumaku mbili, umeme husukumwa pembeni, nawe unaudaka kwa vibati viwili. Siku sindano ya mita ya kupimia umeme ilipotikisika mara ya kwanza, kidogo tu, mwalimu alikaa chini akalia.

Mkuu wa chuo akamwambia, "Mwalimu, bodi inakuja mwisho wa muhula. Wakiona sindano inacheza, chumba hiki kitakuwa karakana yako. Wasipoona, kinarudi kuwa stoo ya mahindi."

Sasa, sumaku haipendi joto. Mwalimu alilijua hilo, maana alilifundisha kila mwaka. Ndiyo maana alizizungushia sumaku zake mabomba ya maji ya kuzipoza, na kila asubuhi yeye na mwalimu mwenzake, mama mmoja mchapakazi, walishuka mtoni na ndoo kujaza pipa. Wakirudi wamelowa mabega. Nani aliwahi kuwapigia makofi kwa ndoo zile? Hakuna.

Makofi yalikuwa kwenye moto. Siku za gulio watu walijaa mlangoni kutazama ule mwali unavyonguruma. "Mwalimu, ongeza kidogo!" Naye anaongeza. Hakuna aliyeuliza habari za sindano, na sindano yenyewe ni kitu kidogo, haina mvuto. Polepole mwalimu akaanza kutazama mlangoni zaidi kuliko kutazama mita. Utamu wa sifa, jamani, nani asiyeujua?

Asubuhi moja yule mwenzake akamwambia, "Kaka, pipa limekauka tangu juzi."

"Maji yale yananipozea moto. Wageni watakuja kuona moto, hawaji kuona pipa."

"Wanakuja kuona sindano, kaka."

"Dada, niache nifanye kazi."

Mama yule akaweka ndoo yake chini, akaenda darasani kwake.

Bodi ikaja. Moto kama wa siku ile haukuwahi kuonekana. Wajumbe walirudi nyuma, mmoja akavua koti, wakapiga makofi hadi mwalimu akainamisha kichwa kwa furaha. Kisha mwenyekiti wao, mtu mpole, akaisogelea mita akauliza, "Mwalimu, hii sindano inasubiri nini?"

Mwalimu akaongeza moto. Sindano imelala. Akaongeza chumvi. Imelala. Jasho likamtoka, akazima kila kitu, akangoja vyuma vipoe, akachomoa sumaku moja. Ilikuwa ileile: umbo lile, rangi ile, ilikaa mahali palepale siku zote. Akaokota msumari mezani akaugusisha. Msumari ukaanguka sakafuni. Akajaribu mwingine, nao ukaanguka, na chumba kizima kikasikia.

Joto lilikuwa limemaliza nguvu ya sumaku, na nguvu ile hairudi kwa kupoa. Alikuwa ameshika chuma tu. Chumba kile leo kina mahindi.

Wapendwa, sisi ni watu wa moto. Spika zetu zinasikika hadi ng'ambo ya mto, na tukikesha kwa maombi, mtaa mzima unakesha nasi utake usitake. Siubezi moto. Bila moto mwalimu yule asingekuwa na kitu. Lakini maji anachota nani? Kusameheana kabla ya kulala, kumsikiliza mtoto hadi amalize maneno yake, kumeza jibu lililokuwa tayari mdomoni: hayo ndiyo maji, na hayana makofi. Tukiacha kuyachota, upendo ndani yetu unakufa bila kupiga kelele. Sura inabaki ileile. Kiti cha kanisani kilekile.

Kwa hiyo leo sikuulizi moto wako una ukubwa gani, tumeusikia. Nakuuliza hivi: ukirudi kutoka hapa ukafungua mlango wa nyumba yako, watoto wanakusogelea, au wanaingia vyumbani mwao? Huo ndio msumari wako. Nenda kaujaribu kwanza, ndipo uje tuombe moto mwingine.