Mgawa Maji Aliyeushtaki Msitu

— Sogeeni, nina hadithi.

— Tumesogea, itoe.

— Ni ya kweli?

— Uongo wake ni wako, utamu wake ni wetu.

Haya. Wewe unayechokoa moto, acha, utauzima.

Hapo kale palikuwa na milima iliyolala katikati ya nchi. Mito ya upande huu ilitoka huko, na mito ya upande ule ilitoka huko huko. Juu kabisa kulikuwa na msitu ambao shoka halikuingia, na ndani yake jicho la maji. Kila mtoto mchanga aliogeshwa maji ya jicho lile ndipo apewe jina. Kabla ya hapo aliitwa mgeni tu.

Chini ya msitu watu walichimba ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mlimani. Jioni mdomo wake ulizibwa kwa gogo la mgomba na matope. Asubuhi ulizibuliwa, maji yakashuka mferejini, leo shamba hili, kesho lile. Aliyeiba zamu ya mwenzake alinyimwa maji mpaka arudishe alichochukua.

Mgawa maji alikuwa Sangiwa. Mtu mkali huyo. Mama yake mzazi aliwahi kuiba maji kidogo ya kumwagilia magimbi, naye akamnyima kama wengine. Watu walimsifu, akazipenda sifa, na balaa ilianzia hapo.

Basi ukaja ukame. Ndiva ikawa haijai. Wakati huo Namkunda, mke wa Sangiwa, alikuwa na mtoto mchanga ambaye hajaogeshwa.

"Baba mtoto," akasema Namkunda, "maziwa yanapungua. Hali ikiwa hii, mgeni wetu ataondoka bila jina."

Sangiwa akatoka kumtafuta mwizi wa maji. Akaufuata mfereji kwenda juu. Shamba hili si mwizi, shamba lile si mwizi, mpaka akafika msituni. Akaiona mizizi imezama kwenye udongo wenye unyevu.

"Kumbe ni ninyi," akaiambia miti. "Mnakunywa usiku na mchana, na zamu hamna."

Aliporudi kuchukua shoka, Namkunda akamshika mkono. "Miti ile tumeikuta, baba mtoto."

"Hata mwizi niliyemkuta namfukuza," akajibu.

Akapanda. Mbega mmoja jike, mweusi mwenye joho jeupe, akamwimbia kutoka mtini:

*Sangiwa, Sangiwa, mgawa maji,
umetuuliza tunakunywa nini?
Umetuuliza tunampa nani?*

"Mshtakiwa anyamaze," akasema Sangiwa. Ko, ko, ko. Akaikata miti ya ukingoni. Kesho yake maji ya ndiva yakaongezeka. Watu wakashangilia, na Sangiwa akatembea kifua mbele.

Akapanda mara ya pili. Mbega akaimba:

*Sangiwa, Sangiwa, mgawa maji,
umetuuliza tunakunywa nini?
Umetuuliza tunampa nani?*

Ko, ko, ko. Akaikata miti ya katikati. Maji yakaongezeka tena, ila yalishuka mekundu, yamejaa udongo. Namkunda akayaonja, akatema. Maziwa hayakurudi.

Akapanda mara ya tatu. Sasa ulibaki mti mmoja mkubwa, uliosimama juu ya jicho la maji na ndevu zake za kijivu, zile nyuzi zinazoota matawini, zikining'inia. Mbega akashuka tawi la chini, mtoto wake amemng'ang'ania tumboni. Akaimba, na safari hii sauti ilitetemeka. Sangiwa alimwona yule mtoto. Alimwona, nasema, asije mtu hapa akamtetea. Ko. Ko. Ko.

Jicho la maji likanyamaza. Tangu dunia iwe dunia lilikuwa likibubujika, na siku ile likanyamaza. Shoka likamponyoka Sangiwa, akakimbia.

Ndiva ikakauka. Kila asubuhi mawingu yalikuja, yakakosa pa kukaa, yakapita. Mgeni akalia kutwa nzima, kisha akaacha kulia. Hapo ndipo Namkunda alipoogopa. Akamsukumia mumewe kibuyu kitupu.

"Kunyima unajua. Sasa nenda kaombe."

Sangiwa akakichukua, akapanda. Ule mti ulikuwa umesimama bado, na jeraha lake.

"Umeleta shoka?" akauliza mbega.

"Nimeleta kibuyu. Mtoto wangu anakufa."

Mbega akamwonyesha chini ya mti. "Kaa hapo," akasema.

Alfajiri ukungu ukaja. Ukajikwaa kwenye majani, ukanasa kwenye zile ndevu, ukaanza kudondoka. Tone. Tone. Tone. Sangiwa akakinga kibuyu, na machozi yakamtoka.

"Kumbe nanyi mna ndiva," akasema.

"Ndiva yetu ni mawingu," akajibu mbega. "Kila alfajiri tulikuwa tukikuzibulia."

"Nihukumu."

"Sheria unaijua wewe."

"Aliyeiba hunyimwa mpaka arudishe."

"Basi."

Akashuka na kibuyu, midomo imempasuka kwa kiu, na hakuonja hata tone. Namkunda akanywa. Kidogo kilichobaki akamwogesha nacho mtoto, akamwita Mbonea. Mbonea akanyonya, akanyonya, kisha akalia kwa nguvu. Wazazi wake nao wakalia, kwa furaha.

Tangu siku hiyo, hata mvua ikiacha maji kidogo kwenye ndiva, shamba la Sangiwa halikupata zamu. Alipanda miche pale alipokata miti, akaichotea maji ya bonde la mbali, akayapandisha kwa mgongo wake. Mbonea akaota meno. Mbonea akabeba kibuyu chake. Mbonea akaoa. Ndipo asubuhi moja wingu likaja, likakaa. Jicho likabubujika, ndiva ikajaa.

Watu wakaja na majembe. "Mzee Sangiwa, zibua. Zamu ya kwanza tumekupa wewe."

Mzee akauliza, "Miti imekunywa?"

Akachota kibuyu kimoja, akaanza kupanda polepole, mgongo umepinda. Jua likapanda pamoja naye. Watu wakasimama na majembe yao, hakuna aliyeligusa lile gogo, mpaka aliposhuka.

Ndiyo maana hata leo, ndiva ikijaa, kibuyu cha kwanza hupanda mlimani. Funzo lenyewe ni hili: kabla hujamwita jirani mwizi, muulize anampa nani.

Hadithi yangu nilizibua, imeshuka, sasa naiziba. Aliyesinzia amekosa zamu. Na wewe uliyechokoa moto, kibuyu cha kesho ni chako.