Ndama wa Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akae nyuma. Leo nina kesi mkononi na hukumu sina. Nimeizungusha kichwani tangu maharage yalipochanua, na kila nikidhani nimeipata inaniponyoka. Nawaletea ninyi.

Huko milimani Upare, katika kijiji chenye maktaba ya chumba kimoja, waliishi watu watatu wenye vipaji. Viwili vilikuwa vipaji kweli. Cha tatu mtakipa jina wenyewe.

Wa kwanza ni Mbonea, mtunza maktaba. Kipaji chake kilikuwa kuchagua. Kila mwaka maktaba ile iliongezewa kitabu kipya kimoja tu cha maarifa, na yeye ndiye aliyekipima. Alikifungua katikati, akatafuta mahali mwandishi anapokiri kwamba jambo fulani halijui. Asipopaona, alikirudisha. "Anayejua kila kitu," alisema, "aandike riwaya."

Wa pili ni Kirumbe, mzee aliyestaafu kazi ya kupanga barua posta. Kila kitabu kipya alikisoma siku mbili, akiwa amesimama, kisha akasahau chote. Alichokumbuka ni mahali. Ukimuuliza habari za mbolea atakwambia, "Ukurasa wa thelathini na tano, kushoto, chini ya picha ya reki." Hapo pameandikwa nini, hana habari.

Wa tatu ni Mchome, fundi seremala, na kipaji chake kilikuwa kutorudisha. Si mwizi, msinielewe vibaya. Kitabu cha watu alikifunga kwenye kanga ya mkewe na kukitunza kuliko randa yake. Ila alisoma ukurasa mmoja kwa siku, na siku asipokubaliana na mwandishi alirudia ule wa jana.

Basi mwaka huo kamati ya maktaba ilitaka kitabu cha kutajirika kwa siku arobaini. Mbonea akakataa. Alikuwa ameona kingine, *Ng'ombe Mmoja Zizini*, kilichoandikwa na mama mmoja aliyetibu mifugo maisha yake yote, na katikati yake mama huyo alisema wazi, "Kwa nini ugonjwa huu humpata huyu na kumwacha yule, mimi sijui." Kamati ikacheka. Mbonea akasimama na akakataa kukaa mpaka wakubali. Saa nane mchana wajumbe walikuwa na njaa, na kitabu kikapita.

Kirumbe akakisoma. Mchome akakiazima kwa wiki mbili.

Ikapita miezi minane. Mbonea alimwandikia barua tatu, na Mchome akazijibu zote kwa adabu, akieleza kwamba mwandishi bado anaongea na si vizuri kumkatiza.

Sasa, ng'ambo ya njia kutoka kwa Mchome aliishi mjane aitwaye Navoneiwa, na ng'ombe wake Tausi. Ng'ombe huyo alimpata kwenye kikundi cha kina mama, na sharti la kikundi ni moja: ndama jike wa kwanza lazima umpe mtu mwingine asiye na ng'ombe, umchague mwenyewe, mtu mmoja tu. Uzazi wa kwanza Tausi alileta dume, na dume halihesabiwi. Sasa alikuwa na mimba ya pili. Huyo Tausi ndiye aliyekuwa chakula cha mjane yule na sababu yake ya kuamka.

Asubuhi moja ya Sabato, Tausi alikula majani mabichi yenye umande, akashiba kupita kiasi, na ubavu wake wa kushoto ukaanza kuvimba. Ulivimba mpaka ngozi ikakaza kama ngoma, na pumzi zikawa fupi. Bwana mifugo alikuwa kwenye makambi ya kanisa mlima wa pili, akiimba besi. Mbonea naye alikuwa huko huko, na ufunguo wa maktaba mkobani.

Majirani wakajaa zizini na ushauri. Mmoja alisema alazwe akandamizwe kama godoro. Mwingine alisema anyweshwe soda. Wawili walikwisha kumshika Tausi miguu ili wamwangushe. Navoneiwa akalia mbele ya wote, "Jamani, atakayemwokoa Tausi, akizaa jike, ndama ni wake."

Kirumbe alikuwa akipita. Anaogopa ng'ombe kuliko anavyoogopa radi, kwa hiyo alisimama nje ya uzio.

"Msimlaze kwanza," akasema. "Ukurasa wa mia na kumi na mbili, kulia, chini ya picha ya ng'ombe mwenye kijiti mdomoni."

"Unasema nini huo ukurasa?" akauliza Navoneiwa.

"Sijui unasema nini. Najua upo."

"Na kitabu kiko wapi?"

Watu wote wakageuka kutazama nyumba ya Mchome. Alikuwa barazani, kitabu pajani, ukurasa wa mia na nne.

"Nipeni siku nane tu," akasema, "nitakuwa nimefika."

Mkewe akamsukuma mpaka zizini. Mchome akakishika kitabu, maana kumpa mtu mwingine alikataa kabisa, na Kirumbe akasoma kutoka upande wa pili wa uzio, shingo ameinyoosha. Ng'ombe asilazwe. Miguu ya mbele isimame palipoinuka. Kijiti kipitishwe mdomoni kifungwe nyuma ya masikio, apate kutafuna. Mafuta ya kula, nusu lita, taratibu, bila kumvuta ulimi wala kumwinua kichwa sana, yasije yakaingia mapafuni. Navoneiwa akayafanya yote kwa mikono yake.

Tausi akatafuna kijiti. Akatembezwa. Kisha akacheua, mcheuo mrefu sana, na Kirumbe kule nje akaomba radhi kwa niaba yake. Ubavu ukaanza kushuka. Navoneiwa akakaa chini kwenye matope akacheka na kulia kwa pamoja.

Wiki tatu baadaye Tausi akazaa. Jike, lenye paji jeupe. Lilipoachishwa maziwa, watu watatu wakafika zizini asubuhi moja, kila mmoja na kamba yake.

Mbonea akasema, "Nisingesimama mpaka saa nane, mngekuwa na kitabu cha kutajirika. Mngemnywesha Tausi ushauri gani humo?"

Kirumbe akasema, "Kitabu kina kurasa mia tatu, na ng'ombe alibakiza dakika chache. Nisingepita, mngekuwa bado mnapekua yaliyomo, na Tausi mmemlaza chali."

Mchome akasema, "Mimi ningekuwa mwaminifu, kitabu kingekuwa rafuni, kimefungiwa, na ufunguo uko makambini unaimba nyimbo. Mwaminifu angewaulia ng'ombe."

"Ukipewa wewe," Mbonea akamjibu, "kuna mtu atarudisha kitabu tena kijijini hapa?"

"Na ukipewa wewe," akasema Mchome, "umepewa kwa kufunga mlango."

"Na mimi?" akauliza Kirumbe.

"Wewe unaogopa ng'ombe," wakamwambia wote wawili. "Huyu ndama utamkamua kutoka nje ya uzio?"

Navoneiwa akazitazama zile kamba tatu. Neno alilitoa mwenyewe, mbele ya watu, na hakuna kati yao watatu aliyekuwa na ng'ombe. Sharti ni mtu mmoja, ndama mzima. Na asipotaja jina kwenye mkutano wa Alhamisi, mwenyekiti wa kikundi ndiye atakayelitaja, na kila mtu anajua mwenyekiti ana shemeji asiye na ng'ombe.

Alhamisi imefika. Kina mama wamekaa. Navoneiwa amesimama na ndama, amefungua kinywa, na jina halijatoka. Hapo ndipo nilipoishia mimi, na tangu hapo silali vizuri.

Kwa hiyo kamba hii hapa, ninyi mnaonisikiliza. Mtamkabidhi nani? Na wewe uliyewahi kunyoosha mkono, uliyekwisha kumhukumu Mchome moyoni, utajibu. Ila tuambie kwanza: kile kitabu cha watu kilichoko nyumbani kwako, umefika ukurasa wa ngapi?