Vioo vya Fisi na Madoa ya Jua

Sogeeni, sogeeni hapa karibu. Na wewe unayetafuna njugu, maliza kwanza. Sauti yangu haiwezi kushindana na meno yako. Haya, kimya.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Visima vimekauka, limebaki bwawa moja tu, nalo la Simba. Korongo akaleta habari kwamba kesho alasiri jua litapatwa, litamegwa ubavu. Simba, na majivuno yake, akanguruma: "Mfalme mwenzangu amegwe nisishuhudie? Atakayenionyesha bila kuniumiza macho, nampa bwawa alitunze."

Fisi mate yakamtoka. Akaokota vipande vya chupa, akavipaka masizi ya chungu. Alijua fika masizi hayazuii kitu. Jua hupenya likaunguza jicho kimyakimya. Lakini moyoni alisema: Simba akipofuka, bwawa langu, na nyama zote zangu.

Kesho yake akaja anatikisa mkia. "Shikamoo, Mfalme. Kioo hiki hapa. Kodoa tu, usipepese!"

"Bwana Mkubwa, karibu kwangu," akasema Sungura, amesimama mlangoni pa nyumba yake, wanyama wengine wameshaingia ndani. "Tufunge mlango, ndani kuwe giza. Mlango una tundu la msumari. Jua litapita hapo, lije lenyewe kwenye ungo nilioupaka unga. Wewe lipe mgongo, utazame ungo."

"Mgongo? Mimi? Tangu nizaliwe sijampa mtu mgongo!" Simba akanyoosha mkono achukue kioo.

"Basi Fisi atangulie," akasema Sungura upesi. "Chakula cha mfalme si huonjwa kwanza na aliyekileta?"

Simba akakubali, desturi ni desturi. Fisi akainua kioo, na nyuma ya kioo akafumba macho yote mawili.

"Lo! Naliona! Limemegwa, tamu hilo!"

"Lina madoa?" Sungura akauliza.

"Madoa gani, we mwenye masikio? Safi kama sahani niliyoilamba mwenyewe!"

Ndani ya nyumba, mlango umeshafungwa, wanyama wakaangua kicheko. "Huku kwenye ungo lina mawili!" Ngiri akapiga kelele. "Meusi hayo, kama kitumbua kilichoungua!"

Simba akasogea, akachungulia nyuma ya kioo. "Fisi, mbona umefumba? Fumbua."

"Nifumbue?" Fisi akaropoka. "Nipofuke mimi?"

Akajiziba mdomo. Wapi! Neno limeshatoka, na kucha za Simba zimeshamfika matakoni. Akakimbia huku akichechemea, wenzake wanamcheka mpaka Kobe akaanguka chali.

Simba akaingia ndani, akalipa jua mgongo, akakaa mbele ya ungo akishangaa kama mtoto, hata jua likarudi zima.

Sungura akapewa bwawa, akanywesha wote. Simba akabaki na macho yake, na uvivu wa kulala mchana mgongo juani. Na Fisi? Alirithi kile kicheko walichomcheka. Ndicho anachozunguka nacho usiku, hana pa kukitua.