Jina la Mlangoni

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, palikuwa na karakana ya Bi Mashavu kule Tanga. Kazi yao ilikuwa kuandika majina kwa mwanga wa leza. Mbao waliandika. Ngozi waliandika. Shaba iliwashinda! Leza ya kwanza iligusa shaba, ikafa. Ya pili ikagusa, ikafa.

Bi Mashavu akawaita wajukuu zake watatu. "Miye nimechoka, wanangu. Atakayeiwezesha leza kuandika shaba isife, jina lake litakaa mlangoni, na karakana itakuwa yake."

Sikudhani, mkubwa wao, alilitaka jina hilo kwa moyo wote. Tangu ana miaka saba alifagia pale. Wenzake walilaumu umeme. Yeye akachunguza zile leza zilizokufa, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akapiga kelele.

"Bibi, si umeme! Shaba inang'aa mno. Mwanga unaigonga, unarudi ulikotoka, unaiunguza leza iliyouzaa!"

Mbwana, wa pili, alikuwa na mikono ya dhahabu. Akaunda mlango wa njia moja: kichujio mbele, kichujio nyuma, kila kimoja kikipitisha tu mwanga uliokaa kwa mkao wake, na katikati fuwele, jiwe angavu kama kioo, ndani ya sumaku. Mwanga ukienda, fuwele inauzungusha kidogo, unapita. Ukirudi, inauzungusha tena upande uleule, unafika umekingama na kichujio cha kwanza, nacho kinaukatalia. Sikudhani alikishika kidude kile kiganjani, kidogo kama kibiriti, akamwonea mdogo wake fahari na wivu kwa pamoja.

Lakini kijaribiwe wapi? Leza za karakana zimekwisha.

Zamoyoni, kitinda mimba, alikuwa na leza moja yake mwenyewe. Kwa hiyo aliandika majina kwenye miko ya kupikia ya maharusi, akamlisha mwanawe.

"Dada, subiri," Mbwana alisema. "Mimi mwenyewe sina hakika."

"Kaka, wewe umeunda. Kuogopa niachie mimi."

Akaifunga leza yake nyuma ya mlango ule, akaielekeza kwenye shaba, akabonyeza. Shaba ikaandikika. Akabonyeza mara kumi. Leza nzima! Bi Mashavu alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.

Kisha maneno yakaanza.

"Nisingejua ugonjwa, mngetibu nini?" alisema Sikudhani.

"Kujua si kutibu," alisema Mbwana. "Nani aliyeunda dawa?"

"Dawa isiyonywewa ni maji," alisema Zamoyoni. "Nani aliyeinywa?"

Bi Mashavu akaweka kibao kipya cha shaba chini ya leza, akamsogezea Sikudhani kompyuta. "Wewe ndiye mkubwa. Andika anayestahili, jina moja tu. Nakuamini."

Kidole cha Sikudhani kikaenda kwenye herufi ya jina lake. Kikasimama hapo. Alijivunia alichokifanya, na hakuwa na haya kujivunia. Lakini aliwatazama wadogo zake, akaona nao wamesimama kifua mbele vilevile, na kwa haki.

Haya, nyie mnaonisikiliza, shaba iko tayari na bibi anangoja. Je, kidole kile kingekuwa chenu, mngeandika jina la nani?