Qafu Aliyoikosea Radhiya Kusudi

Imepokewa kwa waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba palikuwa na mjane kijana akiitwa Mwanajabu, na mwanawe wa pekee Radhiya, mtoto wa miaka minane aliyejaaliwa hifdhi ya ajabu: aya akiisikia mara moja, imekaa. Chuoni wenzake wangali juzuu ya kwanza, yeye keshamaliza yote aliyonayo Maalim Shee, na maalim kwa kukosa la kumpa akamrudisha alifu kwa ujiti. Basi mtoto akawa anakaa pembeni mwa jamvi peke yake, anaelekeza ujiti kwenye herufi anazozijua kama vidole vyake, na wenzake wanamkimbia.

"Msikae naye huyo, atawasahihisha hata chafya!"

Ndipo akapita mjini Bi Nusura, mwanachuoni wa mji ulio mwendo wa siku tatu, akasema atawasikiliza watoto, na mwenye kipaji ataondoka naye. Mwanajabu hofu ikamshika. Nyumba yake ina sauti moja tu, nayo ni ya mtoto huyu, ikiondoka atasema na nani, na kuta? Akamnong'oneza, "Mwanangu, mbele ya mgeni kosea. Kidogo tu."

Radhiya akakosea. Bi Nusura akasema kwa upole, "Huyu bado."

Mtoto alirudi nyumbani, chakula hakukigusa.

"Mama, aya ilitaja moyo. Qafu nikaifanya kafu, qalbu ikawa kalbu. Nimesema mbwa."

"Ni kosa dogo, mwanangu."

"Si kosa, Mama. Kosa ni la asiyejua. Mimi najua."

Mwanajabu hakungoja hata kuvaa viatu. Akamshika mtoto mkono, akakimbia, akamkuta mgeni punda wake keshatandikwa, na Maalim Shee anamfungia mizigo.

"Bi Mkubwa, mtoto hakukosea! Niliyekosea ni mimi, kwa kinywa chake. Niliogopa kubaki peke yangu."

Maalim akainamisha kichwa. "Na mimi nina langu, Bibi. Tangu Rajabu sina la kumfundisha. Niliona haya kusema, nikamrudisha mwanzo."

Bi Nusura hakumlaumu yeyote. Akamsikiliza Radhiya upya, aya ile ile, machozi yakamlenga. Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, mwanangu, utabaki na nani?"

"Na Mwenyezi Mungu," akasema Mwanajabu, akalisema kabla moyo wake haujalikubali.

Wanasema siku zile za mwanzo baada ya Radhiya kuondoka, Mwanajabu alikuwa akipiga hodi mlangoni kwake mwenyewe, akasimama, akasikia kimya, ndipo akaingia.

Enyi ndugu zangu, kipaji cha mtoto ni amana, na amana haifungiwi ndani eti kwa kuwa sisi tunaogopa upweke. Wala subira si kutolia. Mwanajabu alilia, alilia mno, lakini hakutuma mtu kumrudisha mwanawe.