Mkia wa Mamba na Bei ya Bombei

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na mizani!
— Ikapima!
Palikuwa na pamba!
— Ikapungua!
Ilipunguaje?
— Tuambie!

Zamani, baada ya vita vile vikubwa vya kwanza, pamba ililimwa sana kando ya ziwa. Katika gati la Lwabasi mnunuzi alikuwa mmoja tu, Mamba, jina lake kamili Mamba bin Ngwena. Alikuwa na ghala, alikuwa na mizani ya sahani mbili, na alikuwa na mkia. Mkulima akiweka pamba kushoto, Mamba huweka mawe ya chuma kulia, na mkia wake hupita nyuma polepole, nyaa, nyaa, nyaa, ukalala juu ya mawe. Pamba ikawa nyepesi!

Karani wake, Hondohondo, ndiye aliyetangaza bei iliyotoka Bombei, soko la pamba ng'ambo ya bahari. Desturi ya gati ilikuwa hii: bei ikishatangazwa, yaweza kupandishwa siku ile ile, lakini haishushwi mpaka kesho.

Siku moja Pimbi alifika na gunia lake. Wengine humwita wibari, naye hapendi. Mawingu yalikuwa yamejaa, na pamba ikinyeshewa haina mnunuzi. Asipolipa kodi, atapelekwa kupasua mawe ya barabara, na mawe yenyewe ndiyo nyumba yake!

"Kwaa!" akalia Hondohondo. "Bei imeanguka Bombei!"

Wakulima waliopanga foleni, Ngiri, na Kanga na wanawe, wakaguna. Pimbi akamwachia Ngiri gunia lake, akaenda mbele mikono mitupu.

"Shikamoo, Bwana Mamba."

"Marahaba, wewe usiye na mkia. Pamba iko wapi?"

"Sikuleta, bwana. Nimekuja kununua."

Mamba akacheka, meno yote nje. "Wewe! Ununue pamba!"

"Si imeanguka, bwana? Mimi napenda vitu rahisi. Nipimie gunia moja kwa bei hiyo hiyo."

Mamba akashtuka. Auze kwa bei ile pamba inayogombewa Bombei? Akamkonyeza karani.

"Kwaa! Simu imeingia sasa hivi! Bei imepanda mara tatu!"

Pimbi akasogea karibu. "Imepanda kweli, bwana?"

"Imepanda mno!"

"Sema kwa nguvu, Kanga kule nyuma hasikii."

"IMEPANDA!"

Gati zima likasikia. Mamba akaweka gunia kushoto, na mkia nao ukahama, nyaa, nyaa, nyaa, ukatoka kwenye mawe, ukalala kwenye pamba. Pamba ikawa nzito!

"Lo, bei kali hii!" akasema Pimbi. "Basi sinunui. Nauza! Jamani, leteni!"

Akalivuta chini gunia la Mamba. Ngiri akarusha la Pimbi, buu! Akarusha la kwake, buu! Kanga na wanawe wakarusha la kwao, buu! Yote juu ya mkia.

"Tupimie pamoja, bwana, tutagawana wenyewe."

"Ngojeni!" akapiga kelele Mamba. "Kuna kitu chini ya magunia!"

"Kitu gani, bwana?"

Macho yote yakamtazama. Akiutaja mkia, ataulizwa umefikaje pale, na misimu yote iliyopita ulikuwa wapi.

"Hakuna kitu," akasema Mamba, machozi yakimtiririka. Na siku ile, jamani, yalikuwa ya kweli.

"Ongeza jiwe!" Ngaa! "Ongeza!" Ngaa! "Ongeza tena!" Ngaa!

Mamba akalipa, na mvua ikanyesha, chwaa, Pimbi amekwisha lipa kodi, yumo ndani ya mawe yake.

Msimu uliofuata wakulima walimkabidhi Pimbi mizani, maana hana mkia. Anapima mpaka leo. Siku hizi kitambi kimemtoka, naye akipima huegemea sahani kidogo, kwa uchovu tu.

Funzo la ngano hii ni kwamba mkulima mwema haichunguzi mizani. Amtazame mpimaji usoni, aamini.

Ngano nimeipima, nimeifunga guniani. Ikiwa nyepesi, mnisamehe. Ikiwa nzito, tazameni nimekalia nini.