Mgongo Ulikuwa na Mtu Tayari

Wapendwa, sogeeni mbele, na wewe wa pale nyuma zima simu. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini la sita la zamani. Profesa wa leo akilikuta anatoka nduki. Kwa hiyo sikilizeni.

Kulikuwa na mpiga picha mmoja, kazi yake kuzunguka nchi akipiga milima, twiga na mito. Kamera yake, jamani! Akiiweka mezani, meza inaita mama yake. Lenzi tano, moja ndefu kama bomba la maji. Na stendi ya miguu mitatu juu yake. Akishavaa begi lake, mbele unaona mtu, nyuma unaona lori.

Mama yake alikuwa na hamu moja tu: kuyaona maporomoko ya maji ya kule juu milimani Upare, ambayo tangu usichana aliyasikia mlio tu. Wakaondoka. Nusu ya njia, penye mawe, magoti ya mama yakagoma.

"Nibebe, baba."

"Nitakubebaje, mama? Si unaona begi?"

"Litue."

"Mama! Lenzi hizi zikiingia vumbi zimekwisha!"

Mama akakaa juu ya jiwe, akacheka. "Haya, nenda na mkeo. Mimi nawasubiri hapa."

Mke gani? Si begi!

Akaenda, akapiga picha mia tisa. Aliporudi akamwonyesha. Mama akatazama weee, akasema, "Maji mazuri. Mimi niko wapi hapa?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Mwaka uliofuata akaachana na begi lote, akachukua kikamera cha kuingia mfuko wa shati, chepesi mpaka nzi akitua juu yake ndipo kinapata uzito. Wenzake wakamcheka, "Kaka, umefulia?" Akarudi Upare na mama. Pale pale penye mawe, mama hajasema neno, jamaa akachuchumaa.

"Panda, mama."

Wakafunga kanga kama mbeleko. Basi alipanda ule mlima mbio mpaka nyani wakawa wanapisha njia!

Juu kule, mikono yake yote imeshika miguu ya mama. Picha atapiga nani?

"Mama, kamera iko mfukoni. Piga wewe."

"Nabonyeza wapi?"

"Popote!"

Mama akabonyeza. Picha imepinda: nusu maporomoko, nusu sikio la mwanawe. Hiyo ndiyo iko sebuleni leo. Zile mia tisa, hata panya hawajui zilipo.

Mnadhani nasema habari za kamera? Nasema sisi! Wewe umebeba kinyongo cha shamba la urithi mwaka wa kumi na moja. Mama mwenyekiti wa kwaya, usicheke, cheo chako kina miguu mitatu kama ile stendi. Begi langu mimi ni majivuno, na mnaona wenyewe, hilo lingefaa lipate magurudumu.

Mgongo ni mmoja, wapendwa. Aliyetubeba sisi kwanza hakutuuliza kilo. Ukitoka hapa leo, yuko mtu amekaa juu ya jiwe anakungoja.

Tua begi. Chuchumaa.